Bahasha, imeli au WhatsApp: barua yako ya kuomba kazi Mombasa ipite njia gani

Jumatatu moja, kabla sijafungua mlango wote wa saiba yangu, duka la kompyuta na kuchapa, hapa Mwembe Tayari, kijana alipenyeza karatasi kwenye upenyo. "Mama, nitolee kopi ishirini." Nikaisoma huku mashine inapata moto. Ilikuwa barua ya kuomba kazi, imechapwa vizuri tu, ila panapokaa jina la kampuni pamewekwa nukta nukta, na panapotajwa kazi pia nukta nukta. Kalamu anayo mfukoni. Nia yake ilikuwa atembee kutoka Shimanzi hadi Changamwe, na kila lango alifikie ajaze jina lake.

Nikamwambia, "Babangu, keti kidogo."

Kabla ya saiba nilikaa miaka minane kwenye ofisi ya mawakala wa forodha hapa mjini, na mimi ndiye niliyekuwa nikifungua barua. Za nukta nukta zilikuja kila wiki. Hatukuzitupa, kwani upande wa pili ulikuwa mweupe. Tuliandikia hesabu za chai na mahamri. Simcheki mtu. Ninachotaka kusema ni kwamba karibu kila anayeingia kwangu huniuliza aandike nini, na hakuna anayeuliza nani ataifungua. Ukishamjua anayefungua, utajua upite njia gani, uandike kurasa ngapi, na hata utumie lugha gani. Kwa hiyo nitaziweka njia tatu kando kwa kando, kisha barua mbili za kazi moja, uone mwenyewe.

Bahasha ya kaki

Kuna wanaosema bahasha imekufa. Kwa Mombasa bado inapumua, mradi uipeleke panapofaa. Inafaa mahali ambapo mwenye uwezo wa kuajiri hukaa hatua chache kutoka langoni: shule za binafsi, gereji, maduka ya vifaa vya ujenzi, maduka ya leso na vitambaa ya Biashara Street, na hoteli kwa kazi za jikoni, vyumba na bustani. Huko mtu huitwa siku hiyo hiyo, "Hebu mwiteni yule kijana aliyeleta barua."

Msomaji wake wa kwanza ni askari wa langoni, na wengi humsahau. Askari hasomi barua, husoma bahasha. Ukiandika "Kwa Meneja" basi, inaingia kwenye boksi la katoni lililo chini ya meza yake, na boksi hilo nimeliona likikaa hadi likaota vumbi. Ukiandika "Maombi ya kazi: msaidizi wa mpishi", pamoja na jina lako na nambari ya simu, askari anajua aipeleke mlango gani, na mara nyingi hupita jikoni akienda kunywa chai. Msalimie, muulize jina. Ukirudi baada ya wiki moja kuuliza, unarudi kwa mtu unayemjua.

Kuna jambo dogo la mji wetu ambalo vitabu vya shule havilitaji. Karatasi iliyochapwa kwa mashine ya wino wa maji haipatani na jasho. Ukiibana kwapani kutoka stendi ya matatu hadi kivukoni Likoni, jina lako litafika limemwagika. Omba itolewe kwa mashine ya leza, shilingi 10 ukurasa kwangu, na uitie kwenye folda ya plastiki.

Sasa gharama. Kupanda feri kwa miguu ni bure, lakini kutoka ng'ambo hadi Ukunda na Diani ni nauli, na siku nzima yako imekwisha. Kwa siku moja utafika malango manne, labda matano. Bahasha basi ni njia ya ghali kuliko zote tatu, ingawa watu huiona ya kimaskini. Itumie ukishachagua, usiitumie kupapasa.

Na kwa hoteli angalia kalenda kabla ya nauli. Wageni hujaa Desemba na Januari, wakarudi kujaa Julai na Agosti, na Pasaka nayo ina watu wake. Baada ya Pasaka inakuja masika, pwani inapoa, na hoteli nyingine hupunguza watu au kufanya ukarabati. Barua iliyofika Mei hukuta meneja anafikiria atampunguza nani. Ile ile ikifika Oktoba au mwanzo wa Novemba, humkuta anahesabu upungufu wa Krismasi.

Imeli

Mawakala wa forodha, makampuni ya meli, benki, mashirika yasiyo ya kiserikali, mahospitali makubwa: hawa nenda nao kwa imeli. Ofisi zao ziko ghorofa za juu, na bahasha ikiachwa chini mapokezi huenda isipande lifti. Tena imeli ina sifa moja ambayo bahasha haina: anayeifungua anaweza kuisukuma kwa bosi kwa kubonyeza mara moja. Nilifanya hivyo mara nyingi. Bahasha nzuri nilikuwa na lazima ninyanyuke kwenda nayo ghorofani, na siku ya meli nyingi sikunyanyuka.

Lakini imeli pia ndiyo njia inayoharibiwa kirahisi zaidi. Asubuhi moja iliingia ombi lililotumwa kwa anwani thelathini na kitu kwa pamoja, zote zinaonekana pale juu, washindani wetu wote wa mji mzima wakiwa wamepangwa mstari. Bosi aliicheka wiki nzima. Yule mwombaji huenda alikuwa mfanyakazi mzuri; hatukufika kwenye sifa zake. Mwingine alipiga picha barua yake kwa simu, imelala kwa ubavu, na pembeni shuka la kitanda lenye maua linaonekana. Picha kama ile haiwezi kuchapwa, haiwezi kutafutwa kwa jina, na inamfanya msomaji apinde shingo.

Watu huniuliza: barua niiweke ndani ya imeli yenyewe au niiambatishe? Mimi huchagua ndani. Aya tatu fupi pale pale, kisha faili moja tu ya PDF yenye wasifukazi, yaani CV. Anayesoma kwa simu kwenye matatu ya Bamburi hatafungua faili mbili. Na PDF badala ya Word, kwa sababu Word hufunguka kwenye simu ya mtu mwingine ikiwa imevurugika, majedwali yamepanda juu ya maneno. Likiwa tangazo limedai barua iambatishwe, fuata tangazo, hilo halina mjadala.

Jina la faili liwe jina lako na kazi, lisiwe "CV mpya kabisa ya mwisho 2". Mada ya imeli iseme kazi unayoitaka pamoja na nambari ya tangazo kama ipo. Na ile anwani uliyofungua kidato cha pili, yenye maneno ya "sweet" na "boy" ndani yake, iache kwa marafiki. Anwani mpya haina malipo.

WhatsApp

Hapa wazee wenzangu hukunja uso, lakini biashara nyingi za mji huu hazina meza ya HR, ya kuajiri watu, wala anwani ya imeli inayofunguliwa. Mkahawa, saluni, duka linalouza kwa Instagram, mwenye lori mbili, fundi mwenye kandarasi Mtwapa: simu yao ndiyo ofisi. Bango liko ukutani, "Anahitajika mpishi", na nambari. Hutapeleka barua rasmi ya kurasa mbili pale.

Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa ni WhatsApp basi hakuna barua. Ipo, ila ina mistari mitano. Mama mmoja wa Kongowea aliyetaka kazi nilimsaidia kuandika hivi:

"Asalaam aleikum. Nimeona bango lenu mnatafuta mpishi wa wikendi. Nimepika biriani na pilau kwa miaka miwili kwenye shughuli za harusi Kisauni, sufuria za watu mia mbili. Naweza kuja siku moja nipike, mwonje, kisha tuzungumze malipo. Wasifukazi wangu upo, nitautuma mkiuhitaji."

Tazama hakuna "Hi", hakuna "mambo", hakuna sauti ya dakika tatu iliyorekodiwa barabarani na honi za tuktuk. Kuna salamu, kazi, alichokwisha kufanya, na jambo moja ambalo mwajiri anaweza kulikubali kirahisi. Alama za buluu zikitokea na jibu lisije, ngoja. Kupiga simu mara tatu mchana huo huo kunakuondolea nafasi uliyokuwa nayo.

Wala usitume picha ya kitambulisho na vyeti kwenye ujumbe wa kwanza. Nambari ya bangoni hujui ni ya nani. Na anayekujibu kwamba umepata kazi, tuma kwanza pesa ya "usajili" au ya "sare", huyo hana kazi ya kukupa.

Barua mbili, kazi moja

Njia yoyote utakayochagua, kilichomo ndani ndicho kitakachokuita au kukuacha. Tuchukue kazi ya msaidizi wa diklaranti, yule anayeandaa hati za forodha, maana ndiyo kazi ninayoijua kwa undani. Barua ya kwanza ni ya yule kijana wangu wa kopi ishirini:

"Kwa heshima na taadhima naandika barua hii kuomba nafasi yoyote ya kazi katika kampuni yako tukufu. Mimi ni kijana wa miaka 24, mwenye bidii, mwaminifu, mchapakazi na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nitashukuru sana iwapo ombi langu litakubaliwa."

Ya pili tuliiandika pamoja, baada ya mimi kumuuliza maswali kwa nusu saa:

"Naomba nafasi ya msaidizi wa diklaranti. Mwaka jana nilifanya mafunzo ya vitendo kwa miezi mitatu katika ofisi ya forodha hapa Mombasa, nikiandaa hati za magari yaliyotumika kwenye iCMS. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha nambari ya chasi na mwaka wa usajili wa kwanza kwenye hati zote kabla ya msimamizi wangu kuziingiza. Nina cheti cha EACFFPC. Naishi Magongo na naweza kuwa Kilindini kabla ya saa moja asubuhi."

Ziweke kando kwa kando. Ya kwanza ina heshima zaidi, na kwa mtihani wa insha ingepata alama. Lakini anza na "nafasi yoyote". Mwombaji huona anajishusha ili apokewe popote. Mfunguaji wa barua haoni trei ya kuitia. Ofisini kwetu kulikuwa na trei ya madereva, trei ya makarani, trei ya wahasibu. Trei ya yoyote haikuwepo, ndiyo maana zilifika kwenye hesabu za chai.

Kisha "mwenye bidii, mwaminifu, mchapakazi". Nani ataandika kwamba yeye ni mvivu? Maneno haya yamo kwenye barua zote, kwa hiyo hayamtenganishi mtu na mwenzake. Na hilo la "chini ya shinikizo" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Hakuna mtu Mombasa anayesema hivyo akizungumza.

Barua ya pili haikujisifu hata neno moja. Ila mtu wa forodha akisoma "nambari ya chasi na mwaka wa usajili wa kwanza" anatulia. Anajua tarakimu moja ya chasi ikikosewa, hati inarudi kurekebishwa na gari linakaa yadi likihesabiwa gharama za kuhifadhiwa, na mteja anapiga simu. Anajua gari lililozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza haliruhusiwi kuingia Kenya. Kijana ametaja mahali panapouma bila kusema anajua panauma. EACFFPC ni cheti cha wakala wa forodha cha Afrika Mashariki, na iCMS ni mfumo wa forodha wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, uliochukua nafasi ya mfumo wa zamani ulioitwa Simba. Kwa kazi hii majina hayo mawili yanazungumza kuliko "mchapakazi" mara kumi.

Na Magongo? Watu hulionea aibu jambo hilo, wakidhani ni dogo. Bosi aliyewahi kusubiri karani aliyekwama Makupa na msongamano hulisoma kwanza.

Labda wewe hujafanya mafunzo popote. Bado barua ya pili inawezekana, ila itachukua muda zaidi kuliko kuchapa. Msichana mmoja aliyemaliza sekondari aliniambia hana lolote la kuandika. Nikamuuliza jioni hufanya nini. Kumbe ndiye anayeshika daftari la deni la duka la mamake, watu arobaini, na kila Ijumaa anazunguka kukusanya. Hiyo ni aya nzima kwa duka la vifaa linalotafuta keshia.

Umbo, lugha, na anayekujua

Umbo la shuleni, yaani anwani mbili, Bwana/Bi, KUH (kuhusu) na "Wako mwaminifu", libaki kwenye bahasha. Kwenye imeli anwani zote mbili ziondoke, kichwa cha KUH kihamie kwenye mada. Kwenye WhatsApp hubaki salamu na jina tu.

Lugha fuata tangazo. Likiwa la Kiingereza, jibu kwa Kiingereza, hata kama meneja ni jirani yako wa Mji wa Kale. Kama hakuna tangazo na unakwenda gereji au dukani, Kiswahili safi kinakubalika kabisa, na ni bora kuliko Kiingereza cha kubahatisha.

Halafu kujuana. Vijana huniambia, "Mama, barua za nini, mji huu ni kujuana." Si uongo wote. Lakini niliona pia upande wa pili: mjomba wa mtu anakuja kwa bosi, anamsifu mpwawe, bosi anasema sawa, alete karatasi, na karatasi inakuja ile ya "nafasi yoyote". Mjomba anabaki hana la kushika. Anayekubeba naye anahitaji kitu cha kukubebea. Na ukitaka kumtaja mtu kwenye barua, mwombe ruhusa kwanza, kwa sababu atapigiwa simu.

Vyeti: uambatishe au usiambatishe

Hapa pesa za watu huliwa bure. Mtu anakuja na bahasha nene kama tofali: kopi za KCSE ya kidato cha nne, cheti cha tabia njema, cha HELB ya mikopo ya wanafunzi, cha KRA, kila kitu, mara ishirini. Sheria ya Ajira ya 2007 ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri anaruhusiwa kudai vyeti vya uidhinisho, kama hivyo vya tabia njema, HELB na KRA, pale anapokusudia kukupa mkataba wa maandishi. Wapo ambao bado huvidai mapema kwenye tangazo, na huko utaamua mwenyewe. Lakini unapobisha hodi bila tangazo, usilipie cheti cha tabia njema kwa ajili ya boksi la katoni. Peleka barua na wasifukazi, basi. Cheti cha taaluma kinachohusu kazi yenyewe, kama cha udereva au cha afya cha washika chakula, kitaje kwa jina ndani ya barua na uwe nacho tayari ukiitwa.

Kijana wangu tulimaliza karibu saa sita. Ofisi mbili za forodha tuliziandikia imeli, kila moja ikitaja kazi wanayofanya. Moja hushughulika na magari, nyingine nafaka, kwa hiyo aya ya katikati ilibadilika. Kampuni moja ya yadi ya makontena Changamwe ilipata bahasha, kwa kuwa binamu yake alishamwambia msimamizi hukaa langoni asubuhi. Kampuni nyingine nne alizozitaka tulizifuta, hakuwa na la kuwaambia. Alilipa shilingi 60 kwa kuchapa na bahasha, akaniuliza zile kopi ishirini zitakuwaje, kwa sababu nilikuwa nimeshazitoa kabla ya kusoma vizuri.

Bado ninazo chini ya kaunta. Nazitumia upande wa pili kujaribia wino.